Gauni Lililogoma Kufunga

Siku ya kliniki ya makovu, ngazi za hospitali ya chuo huwa hazina pa kuweka mguu. Wagonjwa wanapanda na magongo, ndugu zao wanashuka na mafaili, na wanafunzi wa udaktari wanapita katikati wakijifanya wana haraka kuliko wote. Basi siku moja mtu mmoja huko juu akaponyokwa na jora la kitambaa cha rangi ya ngozi. Jora likaanza kujikunjua ngazi baada ya ngazi, likapita kati ya miguu ya watu bila kumwomba mtu radhi, mpaka chini kabisa liliposimamishwa na kiatu cheupe cha mpira.

Mwenye kiatu alikuwa daktari, mwaka wake wa nne wa kusomea upasuaji wa kurekebisha viungo na ngozi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwili wake, kofia ya chumba cha upasuaji ameisahau kichwani na alama za barakoa bado ziko mashavuni.

"Dokta, toa mguu taratibu," sauti ikasema kutoka juu. "Umekanyaga mikono ya watu wanne."

Daktari akatazama chini. "Mikono ipi?"

"Hiyo hapo. Jora hilo linatoa mikono minne na shingo moja." Aliyesema alikuwa anashuka huku analikunja, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi likakubali, futi ya kupimia shingoni na pini tatu kwenye ukosi. "Mimi ndiye fundi wa nguo za kubana makovu. Chumba cha chini, jirani na dobi. Nyinyi mnakata, mimi nashona."

"Na sisi tunashona."

"Nimeiona mishono yenu. Mizuri sana, ila mnasahau kuweka mfuko."

Daktari alicheka mpaka mgonjwa mwenye gongo akageuka kutazama. Tangu alfajiri alikuwa hajacheka, na kwa kweli tangu mwezi uliopita.

Kuanzia siku hiyo alizidi kupata sababu za kushuka kule chini. Mara anapeleka fomu ambayo mhudumu angeipeleka, mara anataka kuona nguo ya mtoto fulani imefikia wapi. Fundi naye, aliyekuwa akila chakula chake saa saba kamili kwa miaka tisa, alianza kula saa tisa, saa kumi, saa yoyote ambayo chumba cha upasuaji kingemwachia mtu wake.

"Umekula?" angeuliza kwenye simu.

"Nimekunywa chai."

"Chai haitafunwi, mpenzi."

"Tunampandikizia mtu ngozi sasa hivi. Profesa anasema leo nachuna mimi, yeye atatazama tu."

"Chuna vizuri. Ukimaliza shuka, nimekuwekea sahani na nimeifunika na jora, wezi wa humu hawaaminiki."

Hawakutangaza, lakini hospitali haina siri. Sista wa wodi, ambaye mdomo wake hauna breki, alishawaita bwana na bibi kabla wenyewe hawajashikana mkono. Daktari alipomletea Fundi gauni lake la bluu lililoharibika zipu, kazi ya dakika kumi, gauni lilikaa kule chini siku tatu. Hakuuliza kwa nini. Alidhani ni kisingizio cha kumfanya ashuke tena, na kisingizio hicho kilimpendeza.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi nataka uje nyumbani," Fundi akamwambia siku Daktari alipokuja kulichukua. "Mama akuone."

"Ni kwenda kuonwa hasa, au ni kusalimia tu?"

"Ni kuonwa hasa, laazizi wangu."

"Sasa nitavaa nini mimi, mtu wa kushinda na sare?"

"Hilo niachie mimi."

Gauni lilifika wodini Ijumaa, ndani ya mfuko wa karatasi, wakati Daktari yuko kwenye upasuaji. Alipotoka, Sista alimkabidhi huku ametabasamu mpaka magego. Daktari akaingia chumba cha kubadilishia nguo na kufunga mlango kwa komeo. Lilikuwa la kijani cha majani machanga, mikono ya kufika kwenye viwiko, ukosi umezungushiwa mishono midogo ya mkono, na mgongoni zipu ndefu iliyoshuka hadi nyongani. Hakuwahi kushonewa kitu kizuri namna ile.

Akalivaa. Zipu ikagoma. Akavuta pumzi, akajinyoosha, akageuka upande wa kioo. Pande mbili za gauni zilikuwa zimeachana upana wa kiganja kizima, na nyonga zimebanwa hata kupiga hatua ni shida.

Sasa hapa ndipo shetani alipopata kazi. Juma lile lile, kwenye chumba cha chai, dada wa mazoezi ya viungo, mrefu, mwembamba, mwenye kiuno cha kushikwa na viganja viwili, alikuwa ametamba mbele ya watu kwamba Fundi anamshonea kitu. Daktari alicheka pamoja na wengine siku hiyo. Mbele ya kioo kicheko kikamrudia vibaya. Gauni lilikuwa la yule. Yule amelikataa, au ameshonewa lingine zuri zaidi, na hili likatafutiwa mtu wa kulivaa. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kwa aibu, kwa sababu alikuwa ameshajiona mbele ya mama wa watu akiwa amependeza. Mtu anayepima ngozi kwa milimita kabla ya kugusa kisu, siku hiyo hakupima wala hakuuliza. Alikunja gauni, akaandika kwenye kipande cha karatasi, "Mpe mwenyewe," akampa Sista arudishe.

Fundi alikisoma kile kikaratasi amesimama. Mwenyewe yupi? Alichoelewa ni kwamba gauni la kwenda kwa mama limekataliwa, na kwa hiyo mama amekataliwa, na yeye pia. Akajiambia kwamba daktari ni daktari na fundi ni fundi, na kwamba alijisahau. Alipiga simu mara moja. Daktari alikuwa kazini, simu iko kabatini. Alipoiona baadaye akasema moyoni, kama ana lake atapiga tena. Fundi naye akasema, kama ana langu atanipigia. Wakakaa hivyo, kila mmoja anaitazama simu yake, na simu haina ubavu wa kujipiga yenyewe.

Ikapita miezi miwili. Daktari akawa anazunguka kwa mlango wa nyuma ili asipite karibu na dobi, na kila akizunguka anatega sikio labda atasikia cherehani. Alizidi kuwa hodari kazini, maana hakuwa na pengine pa kupeleka akili. Chakula kilimshinda. Siku nyingine, akiwa amenawa mikono hadi viwiko anasubiri kuvalishwa glavu, alimtamani Fundi mpaka machozi yakamlenga, na mikono haikuruhusiwa kugusa hata jicho.

Profesa alipomwita ofisini na kumpa barua ya kwenda miaka miwili kwenye hospitali nyingine, mbali, kujifunza kuunganisha mishipa midogo ya damu kwa darubini, aliweka sahihi pale pale.

"Hutaki kwanza kuuliza nyumbani?" Profesa akashangaa.

"Sina wa kumuuliza, Profesa."

Jibu hilo lilimfuata siku nzima.

Ijumaa ya mwisho, safari ikiwa Jumatatu, alifanya kliniki yake ya kuaga. Mgonjwa wa tatu alikuwa mwalimu mmoja mzee. Moto ulikuwa umemwachia kovu lililovuta kidevu hadi kifuani, hata hakuweza kumtazama mwanafunzi wa nyuma. Daktari mwenyewe ndiye aliyelikata kovu lile na kupandikiza ngozi ya paja, Profesa akiwa amesimama nyuma, mikono mgongoni. Sasa mwalimu aliketi kichwa juu, amevaa nguo mpya ya kubana shingo na kifua, na uso wake wa lawama.

"Dokta, shingo nakushukuru. Ila huyo fundi wenu kanipa nguo ya mtu mwingine. Hii ni ya mwanafunzi wangu wa darasa la sita."

"Ni yako, mwalimu," Daktari akasema, akianza maneno anayoyasema kila kliniki. "Fundi akishakupima, kila kipimo cha kuzunguka mwili anakipunguza sehemu moja ya kumi, makusudi, ili nguo ilikandamize kovu lisinyanyuke. Ingekuwa ya mtu mwingine, ingekukaba hapa na kupwaya pale. Hii imekubana sawasawa kila..."

Mkono wake ukabaki juu ya mshono wa nguo.

"Kila nini, mwanangu?"

"Kila mahali," Daktari akasema, akatafuta kiti akaketi.

Gauni la kijani lilimkataa kifuani, kiunoni na nyongani, kote kwa kiasi kile kile. Mabegani lilikaa na urefu ulikuwa wake. Yule mwembamba, kwa urefu wake, lisingemfika hata magotini.

Alimaliza kliniki hajui amemwandikia nani nini. Akashuka chini na koti jeupe halijafungwa kifungo. Fundi alikuwa kwenye cherehani, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Karibu, Dokta," akasema. Hakusema mpenzi.

"Gauni liko wapi?"

"Lipo."

"Nipe. Na futi."

Akalitandaza mezani na kulipima mbele yake, kwa sauti. "Kifua, mia kasoro moja. Changu mia na kumi. Kiuno themanini na moja. Changu tisini. Nyonga mia na nane. Zangu mia na ishirini." Akainua macho. "Vipimo vyangu ulivitoa wapi?"

"Kwenye gauni lako la bluu. Ndiyo maana nilikaa nalo."

"Ukaviandika wapi?"

Fundi akafungua sanduku la kadi za wagonjwa, akapekua, akatoa moja isiyo na namba. Akaisoma. Akaisoma tena. Mbele ya kila kipimo, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mwenyewe, sehemu moja ya kumi ilikuwa imekatwa. Akaketi polepole.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa sijamshonea mtu asiye na kovu. Mkono umekata wenyewe. Nimekushonea dawa, mpenzi."

"Na mimi nilidhani ni la dada wa mazoezi."

"Yule? Nilimshonea mfuko wa kubebea mipira yake."

"Mbona hukupiga tena?"

"Ungepokea?"

Daktari alijua jibu halikuwa zuri. Alisogea mpaka magoti yao yakagusana. Alikuwa amesahau harufu ya chumba kile, mvuke wa pasi na mafuta ya cherehani, na ilipomwingia puani alitaka kukaa humo asitoke.

"Jumatatu naondoka," akasema. "Miaka miwili."

"Najua. Sista alisema."

Akasubiri. Fundi alikuwa anakunja gauni, anakunjua, anakunja tena.

"Huniambii nisiende?"

"Nikikwambia, utabaki?"

Daktari akafikiri kwa haki kabisa. Akawafikiria watu walioondoka hospitali ile bila mkono kwa sababu hakukuwa na wa kuunganisha mishipa. "Hapana," akasema.

"Basi ngoja nikuombe kitu utakachokikubali." Fundi akaliweka gauni kando. "Nataka nikuoe. Miaka miwili ya kumngoja mke naiweza. Kumngoja mtu nisiyejua kama ni wangu kumenishinda hata miezi miwili, nimekwisha, hebu nitazame."

Daktari akamtazama. Kweli alikuwa amekwisha.

"Hicho nakubali," akasema.

"Mama yuko nyumbani sasa hivi."

"Hivi nilivyo? Na damu ya mtu kwenye kiatu?"

"Hivyo hivyo. Alishachoka kuuliza unafananaje."

Daktari akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Asubuhi ya siku ile safari ilikuwa begi moja na barua, jambo jepesi. Sasa alihesabu jioni hii, Jumamosi na Jumapili, akaona hazitoshi hata kuanza.

"Unalia nini tena, mchumba?" Fundi akauliza, akimfuta kwa ncha ya jora.

"Nimeanza kukukumbuka," akasema, "na bado hata sijaondoka."