Msuli wa Ogola

Ijumaa Wakhisi aliifunika maiti kwa mikono yake mwenyewe. Jumatatu asubuhi akakuta mkono wa kulia umetoka nje ya shuka, gumba na kidole cha shahada vimeinuka pamoja, vimeelekea mlango. Maiti iliyolowekwa dawa miezi mitatu huwa ngumu kama gogo. Akaufunika tena.

Alikuwa mtunza maiti katika chuo kimoja cha udaktari mjini Kisumu. Siku hiyo wanafunzi waliupasua mkono ule chini ya kiwiko, na mwalimu wao, Daktari Sylvia, akafurahi.

"Tazameni. Msuli mmoja, kano mbili: hii ya gumba, hii ya kidole. Ni nadra. Huyu hakuweza kuinua gumba peke yake."

Wakhisi akakumbuka. Miezi miwili nyuma Mama Dorca wa Kombewa alisimama mlangoni pa chumba cha maiti, akimtafuta mwanawe Ogola aliyepotelea ziwani. "Gumba lake na kidole huinuka pamoja," alisema, "tangu utotoni." Wakhisi alikuwa na njaa, akiharakia chakula. Hakufunua hata shuka moja. "Hayuko hapa, Mama," alimjibu.

Tangu mchana wa Jumatatu hiyo chumba kikanuka tope la ziwa. Wakhisi alipoinama kupiga deki alisikia kucha zikikwaruza bati la meza juu ya kichwa chake, polepole, na alipokimbilia bombani kunawa uso akaona gumba lake la kulia likiinuka bila yeye kuliinua, na kidole kikalifuata, na vyote viwili vikaelekea Kombewa, na alipovikunja kwa mkono wa kushoto vikafunguka tena, baridi kama samaki.

Akamweleza Sylvia yote, kwa kunong'ona.

"Mpeleke kwao," Sylvia alisema. "Lakini mkono nimeshaukata, uko kwenye chupa. Hauzikwi huo. Wanafunzi watauhitaji."

"Daktari, nitamwambia nini mama yake?"

"Usimwambie."

Kule Kombewa, Mama Dorca alipapasa mkono wa koti ndani ya jeneza. Ulikuwa mtupu.

"Mkono wake uko wapi?"

"Utaletwa, Mama."

"Ulinidanganya mlangoni kwako. Sasa umekuja kunidanganyia nyumbani kwangu."

Mchungaji aliomba, akakemea kila roho isiyo na pumziko, jeneza likashushwa. Kisha akampa Wakhisi mkono, na mara akauachia, akajifuta kiganja kwenye joho.

Mama Dorca aliona. Akasogea, akaushika mkono ule wa Wakhisi, akaupapasa taratibu kutoka kiwiko hadi gumba, kama mama anayemwogesha mtoto. Gumba likainuka, na kidole nacho. Machozi yakamtoka.

"Nyathina," akasema kwa sauti ndogo. Mwanangu.

Wakhisi akajaribu kuuvuta mkono. Haukumtii, ulikuwa umemshika mama.

Mama Dorca akawageukia vijana wenye makoleo.

"Msifukie bado," akawaambia. "Hajatimia."