Shati la Mulama

Jumamosi hiyo mtaa wetu wa Jericho, Nairobi, ulikuwa Jericho tu: redio za majirani, harufu ya sukuma wiki, na Mama Kweyu akianika mashuka kwenye kamba nje ya mlango wake. Mashuka hayakuwa yake. Yalitoka kwa lori la Mulama, lililotiwa vitanda, jiko na tangi la maji kwenye gereji moja ya Industrial Area ili wazungu walale humo safarini. Wao waliliita camper. Sisi tuliliita nyumba ya magurudumu. Mama Kweyu alifua mashuka ya lori na mashati ya Mulama mwenyewe, na kila shati alilishonea herufi ya jina la mwenyewe kwenye kola kwa uzi mwekundu, nguo za watu zisichanganyike. La Mulama lilikuwa M.

Ni wiki mbili tu tangu amzike mwanawe, na bado anamfulia yule mtu. Ndivyo majirani walivyonong'ona. Mimi nilijua kwa nini.

Naitwa Luseno, mlango wa pili kutoka kwake. Degree ya zoology, Second Class Upper, 1993. Mwaka mzima naomba kazi, mpaka karani wa posta ananiita daktari. So usinifundishe hasira.

Kweyu, huyo mwanawe, ndiye aliyeendesha boti ya Mulama. Lori likishaegeshwa ufukweni Naivasha, wageni walitembezwa ziwani saa nzima waone viboko na tai. Siku ile mgeni mmoja alilalamika kwamba ubao ni mgumu. Mulama akachukua jaketi la kuelea la Kweyu, akamtandikia akalie. Mbele kidogo injini ikanasa kwenye magugumaji. Kweyu akaomba jaketi lake kabla ya kuinama kuyang'oa.

"Mgeni ameikalia," Mulama akasema.

Kweyu akainama, akaanguka, hakuibuka. Mulama akawaambia wageni kijana ameogelea hadi ufukweni, na tour ikaendelea. Mpishi wa lori, aliyekuwa ndani ya boti, ndiye aliyetuambia.

Mwili haukupatikana. Kwetu magharibi, mtu asiyepatikana huzikwa kwa shina la mgomba lililovikwa nguo zake; mwenye nguo ndiye aliyezikwa. Huko Khwisero, mchana kweupe, nikaambiwa nilifunge shina vifungo vya shati kabla sanduku halijapigwa misumari. Nikaiona kola. M.

"Mama," nikanong'ona, "hii si ya Kweyu."

"Funga, mwanangu."

"Ni ya Mulama."

"Najua ni ya nani. Si mimi huifua?"

Nikafunga haraka. Niliruka tundu moja, shati likakaa upande. Sikulirekebisha.

Sasa Jumamosi hiyo Mulama mwenyewe akaja kuchukua mashuka, akanikuta kibarazani.

"Niaje, msomi. Bado unalinda ukuta?"

"Ukuta haujalalamika."

"Si ulisomea wanyama? Njoo uwatajie wazungu majina ya ndege. Ile nafasi iko wazi."

Alisema hivyo mbele ya Mama Kweyu. *Ile nafasi.* Mama akamkabidhi mashuka kwa mikono miwili.

Mulama ni mtu wa kwetu. Sentensi moja ingemtosha: bosi, umezikwa Khwisero. Angejua pa kukimbilia. Nilichukua kazi, nikakaa na sentensi hiyo mdomoni kutoka Nairobi mpaka Naivasha. Nikaimeza.

Asubuhi nilimkuta kando ya tangi, kifua wazi, anajisugua kwa sabuni ya Omo.

"Luseno, hii ni nini?"

Madoa ya kahawia. Mtoto yeyote wa kwetu anajua utomvu wa mgomba, ule usiotoka kwenye nguo. Yalishuka kifuani kwa mstari, kama vifungo. Moja lilikuwa limerukwa.

"Allergy," nikamwambia.

Saa nane tukaingia botini. Jua kali, maji yametulia. Wageni wanne, mimi, na Mulama kwenye injini. Mmoja akasema ubao unamuumiza. Mulama akachukua jaketi lake, akamtandikia. Hata hakufikiri.

Magugumaji yakanasa injini.

Akainama.

Akatulia.

"Luseno." Sauti ilikuwa ndogo. "Kuna mtu ananifunga vifungo."

Alikuwa amevaa fulana. Fulana haina vifungo.

"Nipe jaketi."

Lilikuwa hatua moja kutoka kwangu. Ningenyoosha mkono tu.

"Mgeni ameikalia," nikasema.

Akanitazama. Akaelewa. Kisha akaingia majini polepole, kichwa mbele, kama mtu anayelazwa kwenye sanduku. Hakuna tone lililoruka.

Kitu kikaelea ubavuni mwa boti. Shina la mgomba. Bichi. Halina nguo.

Walitafuta siku tatu. Askari wakaandika ajali, kama walivyomwandikia Kweyu. Usawa wa aina hiyo tunauweza.

Nilifika Jericho mchana. Mama Kweyu alikuwa amesimama mbali na kamba yake, mikono nyuma.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Asante, mwanangu." Akaelekeza kidevu kambani. "Lakini hilo sikulianika mimi."

Shati moja kambani. Linachuruzika, linanuka matope ya ziwa. Vifungo vyote vimefungwa, tundu moja limerukwa.

Nikageuza kola kuitafuta M.

Uzi mwekundu, mbichi, bado unaacha rangi kwenye kidole changu.

L.