Blanketi Lililokaushwa Kabla ya Jua

Nepi ziliingia kwenye mashine zikiwa zimekamuliwa vizuri. Saa nzima baadaye zikatoka zinachuruzika maji.

Mama Agnella, dobi wa kituo cha wazazi cha Mtakatifu Notburga pale Lumemo, alizikamua tena kwa mikono yake, na maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya udongo. Alikuwa amezisuuza kwa maji ya kisima, meupe kabisa. Akazinusa. Zilinuka kambale. Akafuta mikono kwenye khanga na kumwita fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii drai yako imegoma. Tena safari hii imegoma kwa kiburi."

Ilikuwa masika ya mwaka tisini na nane, na mvua ile hakuna mtu wa Ifakara anayehitaji kukumbushwa. Jua halikuwa limeonekana kwa wiki tatu. Kamba za kuanikia zilikuwa zimeota ukungu. Wodini walikuwamo vichanga tisa, na kitu pekee kilichowapatia vitambaa vikavu ni ile mashine ya kukaushia nguo, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, kubwa kama kabati. Mmoja wa wale tisa alikuwa Beno, mtoto wa fundi mwenyewe, aliyezaliwa kwa miezi saba na mzito kuliko mkate kwa kidogo tu. Sista Dorotea, mkuu wa kituo, hakumficha baba yake. "Donati, dawa hapa haina kazi kubwa. Kazi ni joto. Akipata baridi huyu, tutampoteza."

Donati alijua nini kimeiharibu mashine. Alijua, akajifanya hajui, na hapo ndipo ninaposhindwa kumhurumia.

Wiki mbili kabla, kaka yake Stanislaus, mvuvi, alizama katika mto Kilombero. Alipatikana siku ya tatu, blanketi alilokuwa akijifunika mtumbwini limemzonga shingoni. Wavuvi wa ukoo wao walikuwa na desturi yao: vitu vya mtu aliyechukuliwa na mto havigawiwi mpaka vianikwe na jua livikaushe lenyewe. Havisogezwi kwenye moto, hata moto wa mkaa. Kitu kikiwa bado na maji, walisema, kina mwenyewe, na mwenyewe si marehemu. Ni jini lililomchukua. Basi mjane, Apolonia, akalitundika blanketi uani, akangoja jua.

Donati alimfuata huko huko uani.

"Shemeji, nipe hilo blanketi. Mtoto wangu anakufa kwa baridi."

"Jua halijaligusa, shemeji. Likikauka ni la Beno, sina kinyongo. Lakini leo si langu. Nitakupaje kisicho changu?"

Donati alikuwa amesomea umeme Morogoro, akaona huo ni ujinga wa kuua mtoto. Jumapili, Apolonia alipokwenda misa, akaruka ua, akalibeba, akalitumbukiza kwenye mashine na kuiwasha mpaka mwisho. Blanketi lilitoka kavu, tena na joto tamu, na ajabu ni kwamba joto lile halikuisha. Saa sita, saa kumi, kesho yake, bado lilikuwa la moto kama limetoka kupigwa pasi. Beno alinyonya kwa nguvu kwa mara ya kwanza. Balbina, mama yake, alilia kwa furaha, akamwambia mumewe, "Kaka yako ametukumbuka." Tangu siku hiyo mashine haikukausha hata leso.

Sasa ilimbidi aitengeneze huku Mama Agnella amesimama nyuma yake. Alianza na yale ya kitabuni. Fyuzi nzima. Fezi zote tatu za umeme zipo, testa, kile kipimio chake, iliwaka vizuri kwenye kila moja. Mkanda ulizungusha pipa bila kuteleza. Akachomoa chujio, mahali panapokusanyika nyuzi za nguo, akakuta nywele. Zilikuwa nyeusi, ndefu, zimelowa, zimeshikana kwa tope la mtoni.

"Hizo za nani?" Mama Agnella alinong'ona.

"Za shuka za wazazi, mama. Wanasukana wodini."

Akaenda nje kwenye bomba la kutolea hewa, akaweka kiganja mahali ambapo hewa ya moto hupuliza. Bomba halikupuliza. Lilikuwa linavuta, taratibu, likaacha, likavuta tena.

Alirudi ndani akafungua mgongo wa mashine ili atazame koili, waya unaotoa joto. Ilikuwa inawaka, nyekundu kama mkaa uliopepewa. Akasogeza karatasi. Haikuungua, ililowa, ikalegea, ikadondoka. Ndipo akazima umeme kwenye swichi kubwa, akasubiri pipa lisimame, nalo likasimama, ila ndani yake kitu kiliendelea, sauti ndogo ya kugongana kwa haraka haraka, ambayo kwanza aliidhani ni kifungo cha shati kilichonasa, akainama, akaingiza kichwa mlangoni ili kukitafuta, na harufu ya kambale ikamjaa puani na mdomoni, na kule nyuma kabisa kwenye giza la pipa, mbali kuliko pipa lilivyokuwa na urefu, akatambua kwamba yale ni meno, meno ya mtu mzima yanayotetemeka kwa baridi, na kwamba yalinyamaza kidogo kila alipovuta pumzi, kama mtu anayesikiliza.

Aliruka nyuma akagonga kichwa. Mama Agnella alikuwa ameshakimbia.

Mchana huo huo mtoto wa Restituta, mzazi mwingine wa wodini, alikufa. Alizaliwa mzima, kilo tatu kasoro, akalazwa siku nne kwenye nepi mbichi mpaka kifua kikajaa. Mama yake alikuwa kwenye kitanda cha pili kutoka kwa Balbina. Donati alisikia kilio kile akiwa anafunga skrubu, na mkono wake haukusita. Alimaliza skrubu zote sita.

"Umegundua nini, Fundi?" Sista Dorotea aliuliza, macho mekundu.

"Koili, Sista. Imechoka."

Siyo moyo wa jiwe uliomfanya hivyo, maana aliogopa. Lakini kila alipotaka kusema, alimwona Beno amelala ndani ya lile joto, na ulimi ukakataa. Mwishowe alipanda baiskeli akamwendea Apolonia kwenye mvua, akamweleza yote.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi.

"Umemfungia mwenyewe, lile jini, nje ya blanketi lake," alisema. "Maji yake uliyatoa kwa moto, yakabaki humo kwenye chuma, na yeye amebaki nayo. Anasikia baridi, shemeji. Atakunywa kila joto mpaka apate lake."

"Nifanyeje?"

"Lilowanishe. Lipeleke pale pale alipozama kaka yako, ulitupe kwa mkono wako, useme wewe ndiye uliyeiba. Atalifuata. Ukimpa lisilo lake, atalifuata lake huko liliko."

"Na Beno nimfunike nini?"

Apolonia alimtazama kwa huruma ya kweli. "Sijui. Ila fanya leo. Nami nitakuja kituoni kumwona mtoto."

Donati alirudi kituoni akanuia kufanya hivyo, nathubutu kumpa heshima hiyo. Alifika hadi kitandani. Alishika ncha ya blanketi. Beno akageuza kichwa, akapiga miayo, mashavu yake yamepata rangi, na Balbina akasema kwa sauti ya chini, "Usimfunue, baba. Nje kuna baridi."

Akaliacha. Akaenda chumba cha ufuaji, na kwenye kapu la nguo chafu akaona blanketi jingine, la kijivu lenye mistari miwili myekundu, sawasawa kabisa na la Stanislaus. Nusu ya Ifakara walikuwa nayo. Aliyelilalia hakuwa na haja nalo tena. Akalichovya kwenye ndoo, akalifunga nyuma ya baiskeli.

Mto ulikuwa umefura na kuvuka kingo zake. Alisimama kwenye maji ya magotini, akalitupa na kusema, "Mimi ndiye niliyeiba. Nimerudisha." Blanketi lilikunjuka, likazunguka mara mbili, likarudi kinyume cha mkondo mpaka miguuni pake, likatulia hapo kana kwamba linapapaswa kwa chini. Donati alilisukuma kwa mguu, kwa nguvu. Safari hii lilizama.

Alikisikia kicheko cha Mama Agnella kabla hajashuka kwenye baiskeli. Vioo vya chumba cha ufuaji vilikuwa vimetoka jasho.

"Njoo uone, Fundi! Imepata moto yenyewe, yapata saa nzima sasa. Shika!"

Akamrushia nepi. Ilikuwa kavu, nyeupe, ya moto mpaka ikamchoma vidole. Donati alicheka mpaka akalia. Amelidanganya jini! Akajaza kapu zima, akakimbia nalo wodini.

Balbina alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto mikononi. Blanketi la Stanislaus lilikuwa sakafuni, linavuja maji ya udongo yaliyofika hadi mlangoni.

"Limelowa lenyewe," alinong'ona. "Yapata saa nzima. Nimemtoa haraka, Donati, haraka sana. Mshike."

Beno alikuwa hai. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia, yanamtazama baba yake. Lakini mwili ulikuwa wa baridi na utelezi. Donati alimviringisha nepi ya moto, ikalowa pale pale ilipomgusa. Akatoa nyingine, ikalowa. Ya tatu, ya nne, ya tano, zote zilidondosha tope, na katikati ya kuzikunjua akaisikia tena ile sauti ndogo ya haraka haraka. Kichanga hana meno. Lakini yalikuwa yanagongana, kwenye kinywa kile kidogo kilichofumbwa, na yalinyamaza kila Donati alipovuta pumzi.

"Leta nyingine!" Balbina alilia. "Leta nyingine, mume wangu, usisimame!"

Mlangoni alikuwa amesimama Apolonia na kaniki yake ya msiba, amelowa chapachapa.

"Shemeji," aliuliza polepole, "kile ulichorudisha mtoni kilikuwa nini?"

Donati alichukua nepi nyingine kapuni. Kwenye kitanda cha pili Restituta aliinua kichwa, akamuuliza muuguzi kwa mara ya tatu kama wamelipata blanketi la mwanawe, lile la kijivu lenye mistari, maana alitaka kumzika nalo asisikie baridi.