Aliyeweka Sifuri Kwenye Sindano za Leba

"Damu haikati! Sindano ziko wapi?!"

Sista wa leba alikuwa amesimama mlangoni kwa stoo, glovu zake nyekundu tupu.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya rafu. Napapasa kama kipofu... hamna kitu!

Jamani! Aliyekuwa anavuja damu kule leba alikuwa wifi yangu! Dada wa mume wangu, tumbo moja. Ametoka kujifungua muda huo huo.

"Fanya upesi! Anatutoka huyu!"

Ngoja niwaeleweshe. Mimi ndiye mtunza stoo ya dawa. Kila dawa nimeiwekea kwenye kompyuta kiwango cha kuagiza. Sindano za kuzuia damu ya uzazi tunatumia kama ishirini kwa wiki. Mzigo mpya unachukua wiki mbili kufika. Nikaongeza ishirini za akiba, nikaweka sitini. Zikishuka chini ya hapo, mfumo unapiga kelele: AGIZA! Kwenye kompyuta na kwenye simu yangu, haunyamazi mpaka uagize.

Sasa nafungua kompyuta...

Kiwango cha kuagiza: 0.

Sifuri!! Yaani mtu kauambia mfumo ukae kimya hata rafu ikibaki na vumbi!

Na aliyebadilisha ni nani? Jina lililoandikwa ni langu mimi!

Wiki tatu nilikuwa nyumbani, nimepasuliwa kidole tumbo. Siku hiyo ndiyo kwanza narudi kazini. Anayejua nywila yangu pale kazini ni mmoja tu... Kipepeo, mwenzangu wa stoo, aliyekuwa ananishikia nafasi. Tena maneno yalishazagaa kwamba anakitaka kiti changu.

Nikamkuta koridoni. Nikamkaba kola mbele za watu!

"Kiti changu unakitaka mpaka utoe roho ya mtu?!"

"Dada, haki ya Mungu sijagusa! Boksi la mwisho limetoka jana. Mfumo ulidai mara moja ukanyamaza, nikajua umeshaagiza ukiwa nyumbani!"

"Muongo mkubwa! Mchawi wewe!"

Kipepeo alijichomoa mikononi mwangu. Alivua viatu vyake vya visigino, akaviacha pale pale sakafuni, akatimua mbio peku kwenda hospitali ya jirani kuazima.

Nikabaki mlangoni kwa leba. Mama mkwe kwenye benchi, mume wangu pembeni yake, kainamisha kichwa.

Ndani nasikia tu:

"Mkande tumbo! Ongeza dripu!"

Kichanga kinalia. Mama yake... kimya. Kimya kile, ndugu zangu, sitaki kukisikia tena maishani mwangu.

"Mwanangu, kimetokea nini?" mama mkwe akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Kuna mtu kachezea namba kwenye kompyuta, dawa zikaisha bila sisi kujua.

Mama akasimama. Akainua mikono juu, machozi yanamtiririka.

"Ewe Mungu wangu! Aliyebadilisha hiyo namba, popote alipo, na asi..."

Mume wangu akaidaka ile mikono!

"Mama, usimalize! Usimalize, nakuomba!"

"Niache!"

"Mama... ni mimi."

Nilimtazama kama simjui.

"Ulikuwa na kidonda, mke wangu. Hulali. Siku hiyo umepata usingizi kidogo, simu ikaanza agiza, agiza... Nikaifungua, nikaona pameandikwa sitini. Nikaweka sifuri, ikanyamaza. Nilitaka upumzike tu!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau."

Nilisahau! Basi. Neno moja!

Mama mkwe alikaa chini taratibu, kama mtu aliyezeeka ghafla.

Hapo ndipo Kipepeo alipotokea mbio, boksi kalikumbatia kifuani, mguu mmoja unachuruzika damu. Alikanyaga chupa njiani. Alinipita bila hata kunitazama, akaingia leba.

Tulikaa.

Mwishowe Sista akatoka, glovu kavua.

"Imekata. Yuko hai."

Mume wangu alianguka magotini, akalia kwa sauti.

Siku wifi alipopata nguvu, mume wangu alimwambia mwenyewe. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Mpaka leo hajampa mtoto ambebe.

Mimi nilibadilisha nywila, nikarudisha sitini. Sasa kila asubuhi nahesabu rafu kwa mkono, hata mfumo ukiwa kimya. Hasa ukiwa kimya!

Wapendwa, mtu anaweza kukuponza kwa upendo kabisa, bila chembe ya ubaya moyoni. Kazi yako ikilinda roho za watu, usimwachie yeyote mlango wake, hata unayelala naye kitanda kimoja.

Na Kipepeo? Nimemwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Alinijibu, "Yameisha, dada."

Lakini tangu siku ile, chai anakunywa peke yake.