Sheria ya Kilo Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karwirwa alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumkumbusha: kuchagua viazi. Vikubwa huku, vidogo kule, vilivyokatwa na jembe kwenye ndoo ya jikoni. Baridi ya kijijini kwao Kibirichia alfajiri humfanya mtu achukie hata chakula chake mwenyewe, na udongo wake ukishaingia chini ya kucha hautoki mpaka likizo. Lakini Karwirwa alikuwa na mikono myepesi na kichwa chepesi zaidi. Alipomaliza alinawa, akavaa sweta, akatia begi mgongoni na kukumbatia kisanduku cha katoni kana kwamba ndani mna kifaranga.

Ndani mlikuwa na Swara, roboti yake. Alikuwa amemtengeneza kwa katoni ngumu, mota mbili za gari la kuchezea, betri nne ndogo, na magurudumu ya vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia. Swara alikuwa mwepesi na mwenye mbio. Ukimtilia kiazi kimoja kikapuni, alikifikisha kwenye mstari kabla hujamaliza kumsifu. Wiki tatu zilikuwa zimebaki kabla ya mashindano ya klabu ya roboti ya shule, na washindi wawili wangepelekwa Meru mjini kushindana na shule nyingine. Karwirwa alikuwa amefika Meru mjini mara moja tu, kung'olewa jino. Safari hii alitaka kwenda kifua mbele.

Mwalimu wao wa sayansi, Madam Felicitas, hakupenda kuwatafunia wanafunzi kila kitu.

"Mashindano ni yenu," aliwaambia. "Sheria mtunge nyinyi wenyewe. Lakini mjue jambo moja: sheria nzuri ni ile ambayo hata aliyeshindwa anaiheshimu."

Akachagua kamati ya watu watatu. Ireri na Kathambi walitoka Gredi ya Saba. Karwirwa, wa Gredi ya Nane, akawa katibu, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri na hakuwa mtu wa kumeza maneno.

Jumamosi kabla ya kamati kukutana, Karwirwa alikwenda kwa kina Muthamia kuomba kipande cha waya. Muthamia aliishi na nyanya yake ng'ambo ya mto, na tangu Gredi ya Kwanza wawili hao walikuwa wakikaa dawati moja. Muthamia alichungulia nje, akafunga mlango, akatoa kitu chini ya kitanda.

"Nakuonyesha wewe peke yako," alisema. "Usiambie mtu, aki ya Mungu. Huyu ni Punda."

Punda alikuwa wa mbao tupu, betri yake imetolewa kwenye tochi kubwa ya mlinzi. Kwenda alikwenda polepole, lakini mbele alikuwa na mkono wa mbao wenye vidole vitatu vya waya, uliochongwa kwa kisu kidogo muda wa mwezi mzima. Mkono uliinama, ukazoa viazi vitatu kwa mpigo, ukainuka. Punda akavibeba hadi ukutani bila hata kimoja kutikisika.

"Poa sana," Karwirwa alisema, akamnyanyua Punda na kuhisi kwamba anazidi kilo mbili. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Swara angehitaji safari tatu kufanya kazi ya safari moja ya Punda.

Jumatatu kamati iliketi. Sheria nyingi zilipita bila shida: kila roboti ipewe dakika tano, ibebe viazi kwa umbali wa mita tatu, kiazi kikianguka kisihesabiwe. Likabaki suala la uzito.

"Tuseme mwisho kilo tatu," alisema Ireri.

"Kilo tatu ni nyingi," Karwirwa alidakia. "Mmeona zile meza zetu zilivyolegea? Roboti nzito itazivunja. Tuseme kilo mbili."

"Kwani hatuwezi kufanyia sakafuni?" aliuliza Kathambi.

"Sakafuni kuna vumbi. Vumbi likiingia kwenye mota, basi."

Ni kweli kulikuwa na vumbi. Ni kweli pia meza zilikuwa zimelegea. Karwirwa aligundua siku hiyo kwamba kweli mbili ndogo zinatosha kufunika uongo mmoja mkubwa. Wenzake walikubali, naye akaandika "kilo mbili" kwa mwandiko wake mzuri. Madam Felicitas aliposoma karatasi alisita hapo.

"Kilo mbili? Mna sababu?"

"Meza, Madam. Zimelegea."

Madam alimtazama kidogo, akatia sahihi, karatasi ikabandikwa ukutani.

Muthamia aliisoma mara mbili. "Nilimpima Punda dukani," alimnong'oneza Karwirwa. "Ana kilo mbili na nusu."

"Sheria ni ya wote, Muthamia. Hata Swara atapimwa."

"Hiyo ni kweli." Muthamia alikuna kichwa, kisha akatabasamu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nitampunguza tu."

Heri angekasirika. Tabasamu lile lilimchoma Karwirwa kuliko tusi. Na kana kwamba hilo halikutosha, siku mbili baadaye Muthamia alikuja shuleni na Punda kwenye gunia, na msumeno aliouazima kwa fundi.

"Wewe ndiwe wa kamati, unaelewa mambo ya uzito. Nikate wapi?"

Karwirwa alitazama zile mbao. Alijua alichopaswa kusema. Badala yake akanyoosha kidole kwenye ule mkono. Muthamia akaukata ule mkono begani, polepole, akipuliza unga wa mbao ili asipoteze mstari. Kisha akautia mkono mfukoni, labda kwa sababu hakuwa na moyo wa kuutupa.

Tangu siku hiyo Karwirwa hakuwa na raha. Kanisani Jumapili, watu walipofika pale pa kuomba wasamehewe makosa yao, yeye alipekua kitabu cha nyimbo, na mama yake akamkata jicho. Swara alizidi kuwa na mbio, lakini kila alipofika kwenye mstari Karwirwa hakufurahi. Aliona haya mbele ya kipande cha katoni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu ilikuwa yeye mwenyewe.

Alhamisi alipotoka shule alikuta lori limesimama shambani kwao. Mnunuzi mmoja, Kathuri, alikuwa amekuja kuchukua viazi vya Mzee Mithika, baba yake Karwirwa. Karwirwa aliwekwa kushika mdomo wa gunia. Gunia lilipojaa, Kathuri hakulifunga. Alitoa wavu, akaushonea juu, akaanza kuongeza viazi vingine juu ya vile, mpaka gunia likaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa, na Kibirichia hakuna neno linalochukiwa zaidi ya hilo.

"Kathuri," alisema Mzee Mithika, "gunia ni kilo hamsini. Hata serikali ilisema."

"Serikali haiko hapa, mzee. Hapa sheria ni gunia langu," Kathuri alijibu akicheka. "Na sheria ni ya wote. Hata jirani yako nimemjazia hivi hivi."

"Ni ya wote, sawa. Lakini ni nani aliyeitunga? Si ni wewe mwenye gunia?"

Karwirwa aligeuka kumtazama Kathuri. Sheria ni ya wote. Yalikuwa maneno yake yeye, neno kwa neno, yakitoka kinywani mwa mtu ambaye yeye alimchukia tangu utotoni. Akaliachilia gunia, likainama, viazi vikabingirika hadi kwenye magurudumu ya lori.

Baba hakumgombeza. Viazi havingoji, kwa hiyo aliviuza vilevile. Lori lilipoondoka, baba na binti waliinama kuokota vilivyobaki.

"Baba," Karwirwa alisema bila kuinua macho, "mtu akitunga sheria sawa kwa wote, lakini anajua itaumiza mmoja, na hiyo ndiyo sababu ameitunga?"

"Huyo ni Kathuri," baba alijibu bila kufikiri. "Hata akivaa nguo zipi, huyo ni Kathuri."

Karwirwa alilia pale pale shambani. Baba alipouliza, alimweleza yote. Mzee Mithika alikaa juu ya ndoo, akafuta udongo kwenye kiazi kimoja.

"Mimi siwezi kumrudisha Kathuri," alisema. "Ameenda na viazi vyangu. Wewe mwenzako bado yuko."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, Karwirwa alibisha mlango wa Madam Felicitas, akasema kila kitu kwa pumzi moja.

"Nilikuuliza sababu, ukanipa meza," Madam alisema.

"Ndiyo, Madam."

"Nami nikatia sahihi bila kuchimba zaidi, kwa hiyo nina langu la kusema pia. Ulilowaficha wote utawaambia wote. Lakini uanze na Muthamia."

Alimkuta kwenye tangi la maji. Muthamia alisikiliza mpaka mwisho, chupa yake ikifurika mkononi.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na siku ile uliponionyesha pa kukata?"

"Nilijua, Muthamia. Nisamehe."

Muthamia alifunga chupa, akaenda zake. Siku hiyo alihamia dawati la nyuma.

Mchana, mbele ya klabu, Karwirwa alisimama, akarudia yote. Ireri aliruka juu. "Ulitufanya sisi wajinga! Eti meza!"

"Najitoa kwenye kamati," alisema Karwirwa, "na Swara pia namtoa."

"Kujitoa ni rahisi," alisema Kathambi kwa sauti ndogo. "Na mkono wa Punda utajiunga wenyewe?"

Madam Felicitas alisimama, akakiri kwamba naye alikuwa ametia sahihi haraka. Kisha akaibandua ile karatasi, na sheria zikatungwa upya na klabu nzima. Uzito ukawa kilo tatu. Mashindano yakahamishiwa sakafuni, ipigwe deki kwanza. Ireri, bado amenuna, akaongeza sheria moja mpya: anayependekeza sheria yoyote aweke kwanza roboti yake mezani, wote waione, aseme sheria hiyo itamfaidi vipi. Mikono yote iliinuka. Madam alisema Swara hajakosa kitu, ashindane.

Siku mbili Muthamia hakumsemesha Karwirwa. Siku ya tatu, baada ya masomo, alikuja akasimama mbele yake, akatoa mfukoni ule mkono wa mbao.

"Shika hapa," alisema. "Kwa nguvu."

Waliuunga kwa kipande cha bati na skrubu nne. Ulishika, lakini kwa lile bati ulikuwa mzito, na mota yake ndogo ikaguna bila kuuinua. Karwirwa alifungua kisanduku chake, akang'oa mota moja ya Swara, akaiweka mezani. Muthamia alimtazama.

"Swara atakimbia na mota moja?"

"Hatakimbia."

Wakaunganisha nyaya. Mkono ukainuka, ukiyumba kidogo.

Siku ya mashindano sakafu ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza. Karwirwa ndiye aliyeipiga. Roboti zilipimwa kwenye mizani ya jikoni ambayo mpishi hupimia maharagwe, na Punda akafika kilo mbili na robo tatu. Filimbi ikalia. Safari ya kwanza, viazi vitatu. Ya pili, vitatu. Wanafunzi wakaanza kuimba "Punda! Punda!" Safari ya tatu, pale kwenye kiungo cha bati, mkono ukalegea. Kiazi kimoja kikaponyoka na kubingirika hadi miguuni pa Karwirwa. Roboti ya Kathambi ilikuwa imefikisha viazi tisa. Punda alimaliza na vinane.

Alikuwa wa pili. Angekwenda Meru, lakini kila mtu chumbani alijua kwamba mkono usingelegea kama usingekatwa. Aliyejua zaidi ya wote alikuwa Karwirwa, aliyeokota kile kiazi na kusimama nacho asijue pa kukiweka.

Muthamia alimjia. Hakutabasamu. "Jumamosi uje nyumbani," alisema. "Tuukaze huu mkono vizuri. Meru sitaki kiazi kianguke."

"Nitakuja mapema," Karwirwa alisema, na machozi yakamjaa.

Kwa kuwa hakuna mwingine mwenye mwandiko mzuri kama wake, ndiye aliyepewa kuandika matokeo. Aliandika: Punda, nafasi ya pili. Kwenye sehemu ya maelezo akaongeza: "Mkono ulilegea mahali ulipokatwa. Kosa si la mtengenezaji. Ni langu." Akaweka jina lake, akampelekea Madam Felicitas.

Madam alisoma pole pole, akachukua kalamu. "Safari hii sababu ni ya kweli," alisema, akatia sahihi. Kisha akawageukia wanafunzi wote.

"Mmeona wenyewe. Sheria kuwa ya wote haitoshi, kama aliyeitunga amejitungia yeye. Sheria mbaya tuliibandua ukutani kwa dakika moja. Mbao iliyokatwa imechukua siku nyingi, na bado kovu lipo. Basi ukipewa kalamu ya kuwaandikia wengine, mkumbuke kwanza yule atakayeumia, uandike kana kwamba yeye ndiye wewe."

Karwirwa alikirudisha kile kiazi kwenye rundo, akaenda kumsaidia Muthamia kumfunga Punda kwenye gunia lake.