Amplifaya ya Kushoto

Rafiki yangu ni fundi wa vyombo vya muziki, si mtu wa kutishika ovyo. Mchana mmoja aliitwa kwenye chumba cha mazoezi kisicho na dirisha.

"Fundi, nikiunganisha gitaa kwenye amplifaya zote mbili, ya kushoto inatangulia," mwenye bendi alilalamika.

"Sauti huchelewa, kaka. Haitangulii!" Fundi alicheka, akabaki peke yake kujaribu.

Amplifaya ya kushoto ililia kabla kidole hakijagusa uzi. Akachomoa nyaya zake zote, hadi wa umeme. Kitaa chake chekundu kikazimika.

Kimya. Kisha ndani ya amplifaya hiyo uzi ukasikika ukikatika kwa kishindo, ikafuata humo humo sauti ya fundi mwenyewe ikipiga yowe.

Akalitazama gitaa mapajani. Nyuzi zote sita zilikuwa bado nzima.