Sauti ya Ghorofa ya Chini

Mimi sikuwepo. Aliyenihadithia ni Mbeyu, rafiki yangu wa Mtopanga, na Mbeyu si mtu wa kutia chumvi.

Wiki yake ya kwanza chuoni, mkutubi Bi Rispa aliwatembeza wanafunzi wapya maktabani. Aliwaonyesha jinsi ya kuazima vitabu, kisha akawashusha ghorofa ya chini, yanakowekwa magazeti ya zamani. Huko hakuna dirisha. Wenzake walipopanda kurudi, Mbeyu alibaki kidogo akisoma namba za rafu, na umeme ukapotea.

Akasikia karatasi zikifunuliwa polepole, ukurasa baada ya ukurasa, kule mwisho wa rafu. Kisha sauti ya kike ikamwita taratibu, "Mbeyu."

Msichana aliyelelewa na bibi yake akiitwa na mtu mzima haulizi ni nani. Aliitika, "Abee."

Karatasi zikanyamaza.

Umeme uliporudi, hakukuwa na mtu. Alipanda ngazi mbio, akamkuta Bi Rispa mezani na orodha ya majina na kadi za maktaba.

"Bi Rispa, umeniita kule chini?"

"Mimi sijaita mtu, mwanangu. Ndiyo kwanza naanza." Akatazama orodha. "Haya, Mbeyu?"

Kabla Mbeyu hajafungua kinywa, sauti yake mwenyewe iliitika kutoka chini ya ngazi.

"Abee."

Bi Rispa akatia alama kwenye orodha, akainyoosha kadi kuelekea ngazini.

"Hebu mpishe mwenzako," alimwambia Mbeyu. "Anapanda."